Umri wa Risasi: Hifadhi ya Baruti Nyumbani Katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Risasi ni bidhaa ya kemia kabla haijawa silaha, na kila bidhaa ya kemia ina umri wake. Mwenye bunduki ya kuwindia aliyefungia pakiti ya risasi kabatini huamini kwamba ameiacha imelala, ilhali baruti iliyomo ndani yake huendelea kubadilika polepole tangu siku ilipotoka kiwandani, na kasi ya mabadiliko hayo hutegemea joto, unyevu na mahali ilipowekwa. Kwa hiyo kuhifadhi risasi kwa muda mrefu hakumalizwi na kufuli. Ni kazi ya kupunguza kasi ya kuzeeka kwake, kuzuia mikono isiyostahili kuifikia, na kutambua mapema siku ambayo haifai tena kukaa ndani ya nyumba.

Mjini Kolwezi suala hili lina uzito wa pekee. Mji huo, ambao tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, ulikua kwa shaba na kobalti, lakini umepitiwa na vita mara kadhaa. Katika kujitenga kwa Katanga, jimbo ambalo Kolwezi ilikuwa ndani yake wakati huo, kulikoanza Julai 1960, mji huo ndio uliokuwa ngome ya mwisho ya kiongozi wa kujitenga huko, Moïse Tshombe, hadi majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia Januari 1963. Mwezi Machi 1977 wapiganaji wa kundi la FNLC, wengi wao wakiwa wazao wa askari wa zamani wa Katanga au askari hao wenyewe, walivuka mpaka kutoka Angola wakauteka mji wa Mutshatsha. Tarehe 13 Mei 1978 walirudi na kuushika mji wa Kolwezi wenyewe, na mamia ya watu walikuwa wameuawa kufikia siku zilizofuata kushuka kwa askari wa miavuli wa Ufaransa tarehe 19 Mei. Vita vya mwaka 1996 hadi 2003 viliongeza silaha katika nchi nzima. Kila kipindi kati ya hivyo kiliacha risasi nyuma yake: nyingine katika maghala ya serikali, nyingine mikononi mwa watu, nyingine ardhini.

Ndiyo maana ni lazima kutenganisha mambo mawili tangu mwanzo. La kwanza ni risasi za halali, yaani zile za mtu mwenye kibali cha kumiliki bunduki ya kuwindia au ya kujilinda, jambo ambalo nchini Kongo linatawaliwa na amri yenye nguvu ya sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. La pili ni mabaki ya vita na risasi zisizo na karatasi. Aina hii haina njia yoyote salama ya kuhifadhiwa nyumbani, na maelezo ya masanduku, ukavu na vibandiko yanayofuata hayaihusu.

Kinachozeeka ndani ya risasi

Risasi ya kisasa ina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo kwa bunduki ya marisau, yaani bunduki inayorusha chembe nyingi za madini kwa mkupuo mmoja, huwa la plastiki au karatasi ngumu lenye kitako cha chuma, na kwa bunduki nyingine huwa la shaba ya njano. Kuna fataki, kidonge kidogo kitakoni kinachotoa cheche kinapogongwa. Kuna baruti inayowaka na kutoa gesi, na mwisho kuna kichwa au marisau yanayosukumwa na gesi hiyo. Kila sehemu ina adui yake, na mhifadhi anayemjua mmoja tu kati ya maadui hao amefanya nusu ya kazi.

Baruti inayotumika leo haitoi moshi mwingi, tofauti na ile nyeusi ya zamani. Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884 kutokana na nitroselulosi, yaani nyuzi za pamba au mbao zilizochanganywa na asidi ya nitriki. Mchanganyiko huo una nguvu kubwa, lakini hautulii kabisa: huvunjika taratibu na kutoa gesi za nitrojeni zenye asili ya asidi, na gesi hizo zikibaki ndani huharakisha uvunjikaji unaofuata. Watengenezaji huzuia mzunguko huo kwa kuongeza kiimarishi, yaani kemikali inayozinasa gesi hizo kabla hazijaleta madhara. Kiimarishi hicho hutumika na kupungua mwaka hadi mwaka. Kikiisha, baruti hupata joto kutoka ndani yake yenyewe, na ikiwa imerundikwa kwa wingi mahali pasipopitisha hewa inaweza kuwaka bila kuguswa na mtu.

Jeshi la majini la Ufaransa lilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 12 Machi 1907 manowari iitwayo Iéna ililipuka ikiwa katika bandari ya Toulon na kuua zaidi ya watu 100, na tarehe 25 Septemba 1911 manowari nyingine, Liberté, ikalipuka katika bandari hiyo hiyo. Katika misiba yote miwili lawama iliangukia baruti iliyokuwa imeharibika kwa umri na joto. Nyumbani kiasi cha baruti ni kidogo sana, na pakiti chache za risasi haziwezi kuleta balaa la namna hiyo. Lakini kemia ni ile ile, na ndiyo inayoeleza kwa nini joto ni adui wa kwanza wa hifadhi ya muda mrefu.

Joto la bati na unyevu wa masika

Kolwezi iko katika uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo hali yake ya hewa si kali kama ya mabonde ya Kongo. Mvua hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, na kiangazi huchukua miezi ya Mei hadi Septemba, ambapo usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi na mchana wa Septemba huwa wa joto kali. Kipimajoto kilichoning'inizwa kivulini huonyesha hali inayovumilika. Chini ya paa la bati lisilo na dari hali ni nyingine kabisa, kwa kuwa hewa iliyokwama kati ya bati na kichwa cha kabati hupata joto kali mchana na kupoa ghafla usiku. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, ongezeko la nyuzi 10 za Selsiasi hukaribia kuongeza maradufu kasi ya uvunjikaji wa aina hii. Kwa hiyo pakiti iliyowekwa juu ya kabati, karibu na bati, inaweza kuzeeka kwa haraka mara kadhaa kuliko pakiti kama hiyo iliyowekwa chini, karibu na ukuta wa ndani wa matofali. Darini, ndani ya gari linaloegeshwa juani na karibu na jiko la makaa ni mahali pa kuepukwa kwa vyovyote.

Adui wa pili ni unyevu. Fataki ikipata maji hushindwa kuwaka, au huwaka kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ni hatari kuliko kushindwa. Mwindaji aliyevuta kifyatulio cha bunduki bila kusikia mlio hapaswi kuufungua mtutu mara moja. Anatakiwa kuuelekeza mahali salama na kusubiri walau nusu dakika, kwa maana risasi inaweza kuitikia baadaye. Baruti iliyolowa nusu huleta balaa jingine: husukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu na kukiacha hapo, na risasi inayofuata ikikuta njia imezibwa hupasua bunduki mikononi mwa mwenyewe. Mlio hafifu usio wa kawaida ni amri ya kuacha kupiga na kukagua mtutu.

Adui wa tatu hujulikana na wachache, ingawa anahusu madini yenyewe ya Lualaba. Shaba ya njano inayofanya maganda mengi ya risasi ni mchanganyiko wa shaba, kwa kawaida kiasi cha asilimia 70, na zinki. Madini hayo mawili yote yanachimbwa katika ukanda huu, shaba kuzunguka Kolwezi na zinki huko Kipushi. Wakati wa utawala wa Waingereza nchini India, jeshi liligundua kwamba risasi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka maganda yake majira ya mvua, bila ya mtu yeyote kuzipiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 1921 ulieleza kisa hicho: mkojo wa wanyama hutoa amonia, na amonia ikichanganyika na unyevu hushambulia shaba ya njano iliyobaki na mkazo wa kiwandani, ikaipasua. Somo kwa nyumba ya Kolwezi ni la moja kwa moja. Risasi haziwekwi katika banda la mbuzi au kuku, wala chumba kimoja na magunia ya mbolea ya shambani, wala kabati moja na dawa za kusafishia zenye amonia, hata kama mahali hapo ni pakavu na pana kufuli imara.

Sanduku, ukavu na maandishi

Kutokana na maadui hao watatu, mahali panapofaa hujieleza penyewe: chumba cha ndani, chini lakini si juu ya sakafu tupu, mbali na ukuta unaovuja, penye joto lisilopanda na kushuka sana. Risasi hubaki katika pakiti zake za kiwandani, kwa sababu pakiti hiyo hutenganisha risasi moja na nyingine na hubeba maelezo ya kaliba, aina na namba ya toleo. Kumwaga risasi za aina mbalimbali katika kopo moja ni kuandaa kosa la baadaye, kwani risasi ndogo ya marisau ikiingia katika bunduki ya kaliba 12 inaweza kuteleza na kukwama mbele ya chumba cha mtutu, na mwenye bunduki akadhani hakuna kitu, akatia nyingine.

Pakiti hizo huwekwa katika sanduku la chuma jepesi au la plastiki ngumu lenye mpira wa kuziba kwenye kifuniko. Ndani yake huwekwa kifuko cha chembe za silika, zile punje zinazofyonza unyevu ambazo hupatikana katika maboksi ya viatu na vifaa vya umeme. Hubadilishwa au kukaushwa kila baada ya muda, hasa kabla ya mvua kuanza. Sanduku hufungwa siku kavu ya kiangazi, kwa kuwa kulifunga siku ya mvua ni kufungia unyevu ndani. Likihamishwa kutoka mahali pa baridi kwenda mahali pa joto huachwa saa kadhaa kabla ya kufunguliwa, ili matone ya maji yasijitengeneze juu ya maganda. Risasi hazipakwi mafuta, kwani mafuta mepesi hupenya pembeni mwa fataki na kuiua.

Juu ya sanduku huandikwa aina ya risasi, idadi na mwaka wa kununuliwa, na zilizotangulia kuingia ndizo hutangulia kutoka. Risasi za kiwandani zilizotunzwa hivyo hudumu kwa miongo kadhaa. Lakini desturi ya kutumia za zamani kwanza humwondolea mwenye nyumba mzigo wa rundo lisilojulikana umri wake, na daftari la idadi humwonyesha mara moja zinapopungua bila sababu.

Kuhusu moto wa nyumba, wengi huogopa kwamba risasi zitapiga watu kila upande. Majaribio ya watengenezaji na wazima moto nchini Marekani yameonyesha kwamba risasi isiyokuwa ndani ya mtutu hupasuka bila kurusha kichwa chake kwa kasi ya bunduki; vipande vya ganda na fataki ndivyo hurukaruka, navyo huweza kujeruhi macho na ngozi ya aliye karibu. Hali hubadilika baruti ikifungiwa ndani ya chombo kizito kisichotoa pumzi, mathalani bomba la chuma lililochomelewa pande zote au kasha nene lisilo na mwanya. Hapo gesi haina pa kutokea, na chombo chenyewe hugeuka bomu. Sanduku jepesi lenye kifuniko kinachoachia lipo salama zaidi kuliko kasha zito la kizamani. Bunduki iliyojazwa risasi na kuachwa ndani ya nyumba inayoungua ni hatari zaidi ya vyote, kwa sababu mtutu wake utaifanya risasi ifanye kazi yake kamili.

Gobori linahitaji uangalifu wa namna yake. Bunduki hiyo ya kushindilia kwa mdomo wa mtutu, ambayo mafundi wa vijijini wamekuwa wakiiunda na wawindaji wa Katanga wamekuwa wakiitumia, hutegemea baruti nyeusi, mchanganyiko wa makaa, salfa na shura. Baruti hiyo haizeeki kwa namna ya nitroselulosi, lakini huwaka kwa cheche ndogo mno, na ikiwa imefungiwa hulipuka badala ya kuungua. Kuihifadhi katika chupa ya kioo au kopo la bati karibu na taa ya mafuta ni kuishi na mlipuko unaosubiri.

Ufunguo na watoto

Kemia ikishatulizwa, hubaki swali la mikono. Kanuni inayokubalika duniani ni kwamba bunduki na risasi hufungiwa mahali pawili tofauti, kila mahali na ufunguo wake, na funguo hizo hukaa kwa mwenye kibali. Katika nyumba za mitaa ya Kolwezi, ambako ukoo mkubwa huishi pamoja, na wageni kutoka kijijini hufikia kwa ndugu zao kutafuta kazi migodini, kanuni hiyo ina maana zaidi ya kuzuia wezi. Mtoto anayecheza akikuta risasi huigonga kwa jiwe aone kuna nini ndani, na risasi iliyogongwa fataki yake hupasuka mkononi. Kumwambia asiguse hakutoshi. Sanduku lisilofunguka ndilo linalomlinda siku mtu mzima hayupo.

Migodi mikubwa ya jimbo, kuanzia Kamoto hadi Tenke Fungurume, hutumia vilipuzi kupasua miamba, na mpangilio wake wa hifadhi una jambo la kuigwa. Ghala la vilipuzi hujengwa mbali na watu na karakana, viwashio vyake huwekwa katika ghala jingine lenye umbali wake, na kila kinachotoka huandikwa na kusainiwa. Mantiki yake ni kwamba kosa moja, la mtu mmoja, lisiweze kuunganisha kile kinachowasha na kile kinacholipuka.

Maghala yaliyokaribiana na watu

Mantiki hiyo ikivunjwa kwa kiwango cha jeshi, gharama hulipwa na mitaa mizima. Tarehe 14 Aprili 2000, ghala la silaha katika uwanja wa ndege wa N'djili mjini Kinshasa lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Nchini Tanzania, mabomu ya kambi ya Mbagala yalilipuka tarehe 29 Aprili 2009, na yale ya Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, kila tukio likiua zaidi ya watu 20 na kuwatawanya maelfu usiku na mchana, watoto wengi wakipoteana na wazazi wao. Tarehe 4 Machi 2012 ghala la Mpila, katikati ya Brazzaville, liliua zaidi ya watu 200. Januari 2014, radi iliwasha ghala la jeshi la Kongo huko Mbuji-Mayi, na watu wapatao 20 wakafa.

Vyanzo vya moto vilitofautiana, lakini mazingira yalifanana kwa jambo moja kubwa: silaha nyingi zilikuwa zimewekwa mahali ambapo mji ulikuwa umesogea hadi kwenye uzio. Mwongozo wa kiufundi wa Umoja wa Mataifa kuhusu risasi na mabomu, uliotolewa mwaka 2011, unasisitiza mambo ambayo msomaji ameshayakuta katika sanduku la mwindaji: umbali, utenganisho wa aina, ukaguzi wa umri wa baruti, orodha inayolingana na kilichomo, na kuteketeza kilichopita wakati wake.

Pale ambapo hifadhi bora ni kutokuhifadhi

Risasi ya halali inapoonyesha dalili za uchakavu, muda wake nyumbani umekwisha. Dalili hizo ni kutu ya kijani au nyufa kwenye ganda, fataki iliyovimba au kubadilika rangi, plastiki iliyochanika, na harufu kali ya asidi au vumbi la rangi ya kutu katika pakiti. Risasi ya namna hiyo haipigwi ili imalizike, haifunguliwi kutolewa baruti, haitupwi chooni wala mtoni, haizikwi na haichomwi. Hutengwa na nzima, ikaripotiwa kwa polisi au kwa mamlaka iliyotoa kibali ili ichukuliwe na wenye ujuzi.

Kwa mabaki ya vita kanuni ni fupi zaidi. Bomu la mkono, kombora au mkanda wa risasi uliofukuliwa shambani, kwenye msingi wa nyumba au katika shimo la wachimbaji wadogo hauguswi, hausogezwi na hauuzwi kama chuma chakavu, hata ukiwa umeshikwa na kutu kiasi cha kutotambulika. Kutu hula pini na vizuizi vya usalama kabla haijakila kilipuzi chenyewe, ndiyo sababu kitu kikuukuu mara nyingi ni kikali kuliko kipya. Mahali hapo huwekewa alama kwa mbali, watoto huondolewa, na habari hupelekwa kwa mamlaka; kituo cha taifa cha kupambana na mabomu ya ardhini, kinachojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa CCLAM, ndicho chenye jukumu la kuratibu kazi hiyo.

Hali ngumu kuliko zote ni ya urithi. Mwenye kibali anapofariki, kibali hakirithiwi pamoja na sanduku lake, na mjane au watoto wanaofungua kabati hujikuta na mali wasiyoijua umri wala aina yake, na wasioruhusiwa kuwa nayo. Wengine huificha kwa kuogopa kushitakiwa, na hapo risasi ya halali huingia katika kundi la zile zisizo na mwenyewe. Historia ya Katanga inaonyesha kwamba woga huo unaweza kupunguzwa: katika muongo wa kwanza wa karne hii shirika la kikanisa la PAREC, lililoongozwa na Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, liliwapa waliorudisha silaha baiskeli badala ya kuwauliza walikozipata, na watu walizileta. Mwenye nyumba anayetaka kuwaepushia jamaa zake uamuzi huo anaweza kuandika leo, katika daftari lile lile la idadi, kilichomo sandukuni, namba ya kibali, na ofisi ya kukabidhiwa siku yeye hayupo.